Transfoma ya Pili

Mwaka 1996, nikiwa na miezi minane tu ya uanagenzi katika karakana ya fundi redio mmoja pale Tanga, mzee mmoja aliteremka kwenye basi la Pangani akiwa amekumbatia redio ya Kijerumani ya vali, zile taa za kioo zilizokuza sauti kabla ya transista, iliyofungwa kwa kanga. Kioo cha mawimbi kiliwaka vizuri, lakini spika haikutoa hata mkwaruzo.

Fundi alikuwa amesafiri kwenda Korogwe, nami nikajiona ndiye fundi. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikaiwasha, nikaona gridi ya pili, wavu wa waya ulio ndani ya vali ya mwisho iitwayo EL84, imewiva nyekundu kama kaa la moto. Maana yake ni kwamba anodi, bamba la vali linalopokea mkondo, imekosa umeme na gridi hiyo inabeba mzigo usio wake. Nilizima haraka, nikasubiri kapasita kubwa ziishiwe chaji, kisha nikapima transfoma inayounganisha vali hiyo na spika, upande wa vali. Pale ambapo mita ilipaswa kuonyesha ukinzani wa omu mia kadhaa, sindano haikutikisika. Waya wake, mwembamba kama unywele, ulikuwa umekatika.

Transfoma ya namna hiyo hatukuweza kuipata dukani, lakini hesabu yake niliijua. Transfoma ya kawaida ya kushusha umeme kutoka volti 220 hadi 6 ina uwiano wa takriban 37 kwa 1. Uwiano huo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kwa omu 4 za spika, unapata omu 5,400 hivi, karibu kabisa na 5,200 zinazohitajiwa na EL84. Tatizo ni kwamba mabati yake, yenye umbo la E na I, hupishanishwa bila kuacha mwanya, na mkondo mnyoofu wa vali, usiobadili mwelekeo, hukishibisha sumaku chuma cha namna hiyo hadi sauti ikaharibika. Kwa hiyo niliyafumua mabati yote moja baada ya jingine, nikapanga E zote upande mmoja na I zote upande wa pili, nikaweka katikati kipande cha karatasi ya daftari. Kazi hiyo ilinimalizia mchana mzima, na hadi leo naionea fahari.

Redio iliimba kwa muda wa dakika 20. Kisha nikasikia harufu ya vanishi ya waya wa transfoma inayoungua.

Fundi aliporudi kesho yake hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, gridi uliipima?" Alichomoa EL84, akawasha redio, akagusisha mita kwenye tundu la gridi ya kwanza, mahali ambapo hapapaswi kuwa na volti hata moja. Sindano ilipanda hadi 12. Kapasita ndogo ya karatasi na nta, iliyozoea unyevu wa pwani kwa miaka mingi, ilikuwa ikivujisha umeme wa vali iliyotangulia hadi kwenye gridi hiyo, na EL84 ikawa inavuta mkondo mkubwa kuliko waya ule ulivyoweza kuuhimili. Kapasita hiyo ndiyo iliyoua transfoma ya kwanza, na mimi nikaipelekea ya pili.

Tulibadilisha kapasita, nikafumua transfoma nyingine, na jioni yake mzee akaondoka na redio yake ikiwa nzima. Fundi alimtoza bei ya transfoma moja. Ile nyingine niliikuta imekatwa kwenye posho yangu ya mwisho wa mwezi.