Mlango wa basi, na chumba cha watoto pale Gisozi

Walimu wenzangu wakiniuliza safari ya Kigali ilikuwaje, huanza na mlango wa basi. Basi letu mlango wake uko kushoto, kama mabasi yote ya kwetu. Ukishavuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, unahamia upande wa kulia wa barabara, na mlango uleule uliokuwa ukiwashusha watoto kwenye majani sasa unawashusha katikati ya barabara, mbele ya malori na pikipiki. Na wanafunzi wa kidato cha tatu wakifika mahali papya hawashuki, wanamwagika. Kwa hiyo niliwatangazia tukiwa bado Biharamulo: hakuna anayekanyaga ngazi mpaka mimi na mwalimu mwenzangu tumeshatangulia, mmoja mbele ya basi, mwingine nyuma. Walinung'unika. Tulifanya hivyo kila kituo, na nitafanya hivyo tena.

Walikuwa 28. Wengi hawakuwa na pasipoti, tuliwaombea hati za dharura za safari Uhamiaji, Bukoba. Anza mapema. Kuna mtoto anayeishi na bibi yake tu, na barua ya mlezi lazima ipitie serikali ya mtaa. Kuna cheti cha kuzaliwa chenye jina lisilofanana na la shuleni. Hati zote na kadi za homa ya manjano nilizibeba mwenyewe kwenye mkoba mmoja ambao sikuuvua hata wakati wa kula. Pale Rusumo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja tangu 2016, basi foleni ilikwenda vizuri. Kwa wanaotapika beba bahasha za khaki; Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo kubalianeni mapema mnafuata saa ya nani.

Kilichonifanya niandike, lakini, ni Gisozi.

Hapo Gisozi, mtaa wa Kigali, ndipo kilipo kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994. Kilifunguliwa 2004, na kwenye viwanja vyake wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mimi ni mwalimu wa historia, 1994 nimeifundisha ubaoni miaka na miaka. Watoto walipita vyumba vya chini wakisoma na kuandika. Kisha tukapanda kwenye chumba cha watoto: picha kubwa za watoto waliouawa, na kwa kila mmoja maelezo machache, alipenda kula nini, rafiki yake alikuwa nani, aliuawaje. Kalamu zote zilisimama. Msichana mmoja akakaa sakafuni. Mvulana mmoja, mpole kabisa darasani, akaanza kucheka na akashindwa kuacha.

Mwenzangu alishamkunjia uso, nikamshika mkono. Mtoto wa miaka kumi na sita hajui mwili wake utafanya nini mbele ya jambo kama lile. Mwingine analia, mwingine tumbo linachafuka, mwingine anacheka, na hofu ni ileile. Nilitoka naye bustanini tukakaa kimya. Baada ya muda akauliza, "Madam, naweza kurudi ndani?" Akarudi, akasoma picha moja moja mpaka ya mwisho.

Aliyetupangia ratiba alikuwa ameweka soko la vinyago mara tu baada ya pale. Nililiondoa kabla hatujatoka Bukoba, na ndilo jambo ninalomsisitizia kila anayepanga safari kama hii: mchana ule uache mtupu. Usimtoe mtoto kwenye chumba kile ukampeleka kupatana bei ya bangili. Walikaa bustanini, wengine wakalala kwenye majani, wengine wakaongea kwa sauti za chini. Sikuwahutubia.

Ndipo akaja msichana wa Kyaka. "Madam, ule mto tuliovuka Rusumo ndio huu Kagera wetu?" Ndio huohuo. Akanyamaza, kisha akasema bibi yake huwa anasimulia mwaka ambao nyumbani kwao walikataa kula samaki, naye siku zote alidhani ni hadithi za wazee. Nikamweleza: mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka lile daraja kuja Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco tuliyopita asubuhi na kununua ndizi ikawa kambi kubwa ya wakimbizi. Chini ya daraja maji yalikuwa yakishusha maiti kuelekea ziwani. Wenzake wakasogea mmoja mmoja. Tulizungumza mpaka jua likapungua makali, na maswali waliyouliza sijawahi kuulizwa darasani: waliozika ni akina nani? Waliokimbilia Ngara walirudi?

Jioni niliandika kwenye kundi la wazazi kwamba wote wako salama. Mama mmoja akauliza kama binti yake amekula. Baba mmoja akauliza kwa nini tumewaonyesha watoto mafuvu ya watu. Nilimpigia tuliporudi tukaongea kwa kirefu, na ana haki kabisa ya kuuliza. Kabla ya safari ijayo wazazi wataitwa shuleni, nitawaeleza chumba kwa chumba tutakachoona. Mzazi anayetaka mtoto wake abaki bustanini na matroni atasema mapema, na hataulizwa sababu.