Kanzu Iliyochanika kwa Nyuma

Kila Ramadhani, katika msikiti wa mtaani kwetu hapa Langoni, Lamu, huwa tunakaa darsa ya tafsiri baada ya sala ya alasiri. Mwaka huu tulifika Surat Yusuf, na mimi, ambaye kisa hiki nimekisikia tangu nikiwa mtoto wa chuoni na ubao wangu mapajani, nikajikuta nimesita kwenye aya ambayo miaka yote nilikuwa nikiipita mbio. Ni aya ya 35.

Kisa chenyewe kila mtu anakijua. Yusuf anakimbilia mlangoni, mke wa bwana wake anamkamata kanzu kwa nyuma, kanzu inachanika, na mlangoni wanamkuta mume. Mwanamke anatangulia kusema, na anayetangulia kusema kwa kawaida ndiye anayeaminiwa. Hapo anatokea shahidi katika jamaa za mwanamke yule yule na kuweka kipimo chepesi ambacho hakimu yeyote angekikubali: kanzu ikiwa imechanika mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa imechanika nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Wakaitazama, wakaona imechanika nyuma. Mume akamwambia mkewe aombe msamaha kwa kosa lake, na akamwambia Yusuf ayaachilie mbali hayo, maneno ambayo mimi nayafahamu kuwa ni kumtaka asiyataje tena.

Ungedhani shauri limekwisha. Lakini aya ya 35 inasema kwamba baada ya kuziona dalili hizo waliona wamfunge kwa muda. Baada ya kuziona. Hakufungwa kwa sababu wakubwa walikuwa na shaka naye. Alifungwa na watu waliokwisha kujua kwamba hana hatia. Kati ya kanzu na gereza kilikuwa kimeingia kitu kimoja tu, nacho ni kwamba wanawake wa mjini walikuwa wameanza kusema juu ya nyumba ya mkubwa, na Yusuf alikuwa mgeni aliyenunuliwa, asiye na ukoo wa kwenda kumsemea.

Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo sura ya 39, mambo ni mafupi na kwa maoni yangu ni makali zaidi. Nguo inabaki mkononi mwa mwanamke, na nguo hiyo hiyo ndiyo inayomtia hatiani Yusufu, kwa kuwa hakuna anayejisumbua kuuliza ilifikaje pale. Farao anapomwita baadaye, Yusufu ananyoa, anabadili mavazi na kwenda. Katika Kurani hakwenda. Mjumbe wa mfalme anafika gerezani na habari ya kufunguliwa, naye Yusuf anamrudisha: nenda kamuulize bwana wako, wale wanawake waliojikata mikono walikuwa na jambo gani? Mtu amekaa ndani miaka, mlango uko wazi, naye anakataa kuuvuka mpaka shauri lake lisikilizwe upya mbele ya mfalme. Mtume Muhammad mwenyewe, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alisema kwamba lau angekaa gerezani muda aliokaa Yusuf, angemwitikia mjumbe yule. Ndipo yule mwanamke akakiri kwa kinywa chake kwamba sasa haki imedhihiri.

Mimi nilitoka mlango ulipofunguliwa. Nikiwa kijana wa miaka 22 nilikuwa karani katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini, nikiandika risiti za saruji, misumari na boriti. Siku moja hesabu zikapungua Sh 38,000, na tajiri wangu akanifukuza saa nne asubuhi, mbele ya wateja na wachukuzi waliokuwa wakipakia punda. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imekwisha kupita baraza zote hadi Mkomani. Shangazi yangu alikuwa katika mazungumzo ya posa kwa niaba yangu. Nyumba ile ikanyamaza, na mpaka leo haijajibu.

Wiki saba baadaye kilipatikana kitabu cha pili cha risiti, alichokuwa akikitumia kijana mwingine, wa nyumba ya tajiri, kila alipokaa dukani mchana, na ndani yake nakala ya kaboni, ya buluu iliyofifia, ikionyesha fedha zile zile, za mteja yule yule, kwa hati isiyokuwa yangu. Tajiri akamtuma mtoto aniite. Nilipofika akaniambia, “Mwanangu, yamekwisha hayo, kaa kitini pako.” Nikakaa. Nilihitaji mshahara, na nilidhani kuonekana tena nyuma ya meza ile kungetosha kusema yaliyopaswa kusemwa. Wachukuzi walioshuhudia kufukuzwa kwangu hawakuambiwa neno, na walipaswa kubahatisha wenyewe kama nimesafishwa au nimesamehewa. Wengi walibahatisha la pili. Wazee wetu wanaoikumbuka Ngome ya Lamu ilipokuwa gereza, kabla ya 1984, husimulia jambo la namna hiyo: anayeingizwa pale anaonekana na uwanja mzima wa Mkunguni, na anayetolewa anajulikana kwao tu.

Yuko Yusuf mwingine, wa pwani yetu hii. Yusuf bin Hasan alizaliwa katika ukoo wa masultani wa Malindi, ambao Wareno waliwahamishia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16 kama malipo ya urafiki wao. Urafiki huo haukumfaa baba yake: aligombana na kapteni wa ngome, akauawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao yao makuu kule Bara Hindi. Mtoto naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa jina la Jerónimo. Alirudishwa kuwa mfalme, na Agosti 1631 akaingia Fort Jesus, akamuua kapteni, na baada yake wakauawa Wareno wa mjini na Wakristo wengine, wanawake na watoto wakiwamo. Sitaki kulipunguza hilo. Kudhulumiwa hakukumpa haki ya damu ya watoto.

Hata hivyo, nilipopanda basi kwenda Mombasa miaka michache iliyopita, nilisimama chini ya lango la ngome ile nikaliangalia jiwe lililoandikwa Kireno. Linamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa na umri wa miaka 27, kwa kuwatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme wao dhalimu. Linajivunia pia kwamba aliziadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta za miji hiyo, ambayo ni majirani zetu hapa, safari ya mashua. “Dhalimu” ndilo neno walilompa. Kichwa cha baba yake hakimo katika jiwe. Wala halisemi kwamba merikebu zilizotoka Goa kumzingira mwaka 1632 zilirudi mikono mitupu, na kwamba yeye aliiacha ngome kwa hiari yake, akapakia mizinga na kwenda zake baharini.

Nikiwa pale nilimfikiria Fumo Liyongo, ambaye naye mfalme wa Pate alimwonea wivu, akamfunga, na mwisho akamrubuni mwanawe amchome baba yake kwa sindano ya shaba. Mamlaka yote yalikuwa upande wa Pate. Lakini Liyongo alikuwa na mama wa kumwokea mkate wenye tupa ndani, alikuwa na kijakazi wa kumpelekea, na kubwa zaidi alikuwa na watu wa kumtungia, mpaka Muhammad Kijuma wa hapa Lamu akaiandika tendi yake mwaka 1913. Leo watoto wetu wanamjua Liyongo, na yule mfalme wa Pate wanamtaja kwa cheo tu. Yusuf bin Hasan hakuachiwa utendi. Karibu yote tuyajuayo juu yake yameandikwa na upande wa wale aliowaua, ambao nao walikuwa na maiti wao wa kuwalilia.

Sheikh wetu aliifikia aya ya 50 siku ya Jumatano. Tajiri wangu wa zamani, ambaye sasa ni mzee na anatembea kwa bakora, alikuwa ameketi safu moja nami, watu watatu katikati yetu, na wakati mjumbe wa mfalme anarudishwa nilimwona akiivua kofia yake, akiinyoosha ukingo kwa kidole gumba, akiivaa tena. Darsa ilipokwisha tukakutana penye viatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono na kuushikilia muda mrefu kuliko desturi yake. Kisha akaniuliza kama nimesikia jahazi la saruji limefika.