Basi mtaniacha kwenye benchi

Leo Ijumaa usiku, saa tano na nusu, nyumba nzima imelala mimi usingizi hauji, kwa hiyo nimefungua laptopu niandike maana tangu Jumapili kuna kitu kimenikaa hapa kifuani hakipandi wala hakishuki.

Safari ya London mnaijua, tulivyoiahirisha mara mbili, ya kwanza goti la mama, ya pili kazi ya baba watoto. Sasa safari hii imeshika kweli, viza zimetoka zote tano Jumatano, na Jumanne nimethibitishwa kazini baada ya kukaimu kile cheo mwaka na miezi minne, na wifi kajifungua salama mtoto wa kike, nashukuru Mungu kwa yote. Ni wiki kubwa sana hii na labda nilipaswa niandike hayo. Lakini mimi bado niko Jumapili jioni.

Tulikaa mezani wote. Baba watoto ndo alikuwa anasoma ratiba niliyoichapa, siku ya kwanza British Museum, siku ya pili Natural History Museum maana watoto wote wawili wanataka kuona mifupa ya yule nyangumi bluu, mita 25, wamemning'iniza juu ya ukumbi tangu 2017, alafu mchana ule ule Science Museum kwa kuwa viko jirani, siku ya tatu Tower of London asubuhi, kanisa kuu la St Paul's mchana, jioni Tower Bridge, yaani nilijaza kila saa. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani anakunja nguo, hajasema neno kama nusu saa. Mara akauliza, taratibu kabisa:

"Na ule mstari, mtapita?"

"Mstari upi mama?"

"Wa sifuri."

Mimi macho kwenye skrini nikamjibu, "Aah mama, kule Greenwich ni mbali na tutakapolala alafu ni kilima kirefu, hutaweza."

Akalinyoosha shati la kitindamimba, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. "Basi sawa. Mimi mtaniacha tu kwenye benchi, nitawashikia mikoba."

Na mimi nikasema "sawa mama." Nikaendelea na siku ya nne.

Ndo hiyo tu. Hakuna aliyepandisha sauti, hakuna aliyenuna, watoto waliendelea kubishana nani atakaa siti ya mbele ghorofani kwenye basi, na mama alimaliza nguo akaenda kulala saa yake ya kawaida. Ila nilipolala mimi ikaanza kunirudia. Hutaweza. Sikumwambia "tutaangalia mama", sikumuuliza "unapataka?", nilimwambia hutaweza, tena sijamwangalia. Na yeye akasema mikoba. Nimeigeuza hiyo sentensi kila upande wiki nzima, kwenye foleni, kazini, naosha vyombo, najiuliza alikuwa anatania, alikuwa ameumia, au alikuwa anajipanga mwenyewe kwenye nafasi aliyoona nimemwachia. Nafikiri ni hiyo ya tatu, na ndo inayouma kuliko zote.

Maana mnakumbuka mama alifundisha Jiografia miaka 34, nimeshaandika hapa. Na mimi alinifundisha, miaka miwili nilikaa darasani kwake, pale nilikuwa siitwi mwanangu naitwa "wewe wa dawati la tatu". Siku ya somo la longitudo, ile mistari ya ramani inayotoka kaskazini kwenda kusini, alichukua chaki akainama akachora mstari sakafuni, kutoka ubaoni hadi ukuta wa nyuma, akatuita mmoja mmoja. Simama hapa. Mguu huu uko mashariki ya dunia, mguu huu magharibi, wewe mwenyewe uko wapi? Na ulitakiwa ujibu "sifuri, mwalimu". Dunia ina nyuzi 360, inazunguka kwa saa 24, kwa hiyo kila nyuzi 15 ni saa moja, kila nyuzi moja dakika nne, mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nakuhesabia. Mwaka 1884, Washington, nchi 25 zilikaa mkutano zikakubaliana mstari wa sifuri upite Greenwich, Wafaransa hawakupiga kura ya ndiyo, wakabaki na wa kwao wa Paris mpaka 1911. Hayo yote aliyasema bila kushika kitabu, mwanamke ambaye huo mstari hajawahi kuuona kwa macho yake. Miaka 34 anawasimamisha watoto wa watu juu ya chaki.

Na mimi, wa dawati la tatu, nimepanga siku tano mjini London, mambo 17 (nimehesabu Jumatatu usiku), na la mama hata moja halimo.

Baba watoto nilipomwambia alisema nimwombe tu radhi yaishe. Sikutaka. Nikimwomba radhi mama atasema "hamna kitu mwanangu" na itakuwa imefungwa hapo hapo, yeye na mikoba yake. Nikaona bora nirudi na njia, ndo niseme.

Kwa hiyo Jumanne na Jumatano usiku nimekesha kwenye ramani. Na hapa ndo mambo yalianza kunibadilikia, kwa sababu niligundua kwamba hata ile "kilima kirefu" niliisema bila kujua vizuri ninachosema. Kilima kipo, kweli, ukitokea chini, upande wa mto, pale ilipo ile meli ya Cutty Sark, bustani inapanda mpaka kule juu kwenye jumba la kutazamia nyota na kwa goti la mama pale ni mateso. Ila bustani hiyo ina mlango mwingine wa nyuma, upande wa Blackheath, na Blackheath yenyewe iko juu! Ukiingilia kule barabara ni tambarare, pana, ina miti kila upande, unatembea mdogo mdogo mpaka unafika. Nilikaa naangalia picha za ile barabara kama nimeokota dhahabu. Yaani kilima chote kinapandwa na basi, na mabasi ya London yote sakafu yake ni ya chini, yana ubao wa kutoa nje kwa asiyeweza kupanda.

Nikaanza kuipitia ratiba yote upya kwa jicho hilo, la goti, na nikaona nilivyokuwa napanga safari ya mtu mmoja mwenye miguu yangu. Treni za chini ya ardhi nilikuwa nimezijaza kila mahali, na zile zilianza 1863, stesheni nyingi hazina lifti mpaka leo, ni ngazi tu na korido ndefu, kuna ramani maalumu inayoonyesha stesheni zisizo na ngazi na ukiitazama unaelewa mara moja kwa nini wenye watoto wachanga na wazee wanapanda basi. St Paul's niliyoiweka ili "tupande juu tuone mji" ni ngazi 528 mpaka kule kileleni. Nilimwandikia mama yangu ngazi 528 saa nane mchana, baada ya Tower of London ambayo nayo ni mawe na ngazi. Na kumbe lile gurudumu la London Eye, mita 135, ambalo nililitoa nikisema ni la watalii, ndo unakaa kwenye chumba chako cha kioo nusu saa nzima, linakwenda polepole, na mwenye shida ya kupanda wanampunguzia mwendo. Mji ule ule, mama anauona kote akiwa amekaa. Nimelirudisha. St Paul's tutaiona kwa chini, na kwa chini inatosha kabisa. Mambo 17 yamebaki tisa na hakuna aliyelia, hata mkubwa.

Mkubwa tena ndo kaleta jambo ambalo lilinitia wasiwasi mwanzoni. Nilimwambia asimwambie bibi kitu, anisaidie tu kutafuta, akarudi na simu yake, "Mama, ule mstari wa bibi siyo wenyewe." Nikamwambia acha utani. Akanionyesha. Kweli, ukisimama juu ya ule mstari pale uani kwa lile jumba la kutazamia nyota na simu yako ikakusomea GPS, haikupi sifuri, sifuri ya setilaiti iko kama mita 102 upande wa mashariki, katikati ya bustani tu, hapana alama. Sababu yake nimeisoma mara tatu nikaielewa hivi: mstari ulifuata darubini ya Airy, mwanaastronomia wa pale Greenwich, ya mwaka 1851, nayo waliisimamisha wima kwa mvutano wa ardhi ya pale pale, kama fundi anavyotumia timazi ukutani, na mvutano hauvuti sawasawa kila sehemu, timazi inaelekea pembeni kidogo sana. Setilaiti zenyewe zinahesabu kuanzia kitovu cha dunia. Kwa hiyo hakuna aliyekosea, ni wima mbili tofauti. Lakini nilijiuliza tumwambie au tunyamaze, mtu kafundisha miaka 34.

Jana Alhamisi baada ya watoto kulala nikabeba laptopu nikaenda chumbani kwake. Nikakaa kitandani, nikamwonyesha mlango wa Blackheath. Sikusema samahani, nilisema "Mama, nimekosea ile njia niliyokwambia." Akavaa miwani. Akanyamaza muda mrefu anasogeza ramani na kidole, anakwenda kushoto anarudi. Alafu akasema, "Unaona hii mistari ya kontua, ya kimo cha ardhi? Hapa imebanana, hapa imeachana. Nani alikufundisha kusoma ramani?" Nikasema wewe mwalimu. Akacheka. Jamani alicheka, kile kicheko cha kufunika mdomo.

Basi ikawa yeye ndo anapanga. Alidai kalamu. Akaniambia tusifike asubuhi, tufike saa sita na robo, kwa sababu juu ya lile jumba kuna mpira mwekundu kwenye mlingoti, umekuwepo tangu 1833, saa saba kasoro dakika tano unapanda hadi nusu, saa saba kasoro mbili unafika juu, saa saba kamili unaanguka, na mabaharia kule mtoni walikuwa wanasubiri huo mpira kurekebisha saa zao kabla hawajatoka. Na ile saa ya ukutani getini, akasema, watoto wasije wakadhani ni mbovu, ina saa 24 kwenye uso wake na inafuata saa za Greenwich mwaka mzima, Waingereza wakisogeza saa zao mbele majira ya joto yenyewe haisogei, kwa hiyo tukienda itakuwa nyuma saa moja. Hayo yote alikuwa nayo kichwani. Anayo siku zote. Mimi ndo sikuwahi kuuliza.

Nikaona siwezi kumficha, nikamwambia ya mita 102. Nilikuwa naogopa kweli. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza timazi inaelekea upande gani, nikashindwa kujibu, akachora kwenye karatasi ya ratiba yangu duara la dunia na vijimstari viwili. Alafu akasema, "Basi nitasimama pote pawili. Mkubwa atanipimia na simu yake." Na akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, pembeni ya siku ya nne: MSTARI, kisha chini yake: MSTARI WA PILI.

Nilipoinuka kutoka akaniita. "Ila benchi liwepo karibu." Nikamwambia yapo mama, nimeyaona kwenye picha. Akasema haya, zima taa.

Sasa nimekaa hapa najiuliza hilo benchi la jana ni lile la Jumapili au ni benchi tu. Labda ni goti, ndo maana alilitaja, na goti ni goti. Nimejiambia hivyo mara kadhaa leo. Lakini tutakapofika pale mikoba nitaishika mimi, yote, hata ya watoto, hilo nimeshalipanga na sijamwambia mtu.

Kabla sijatuma hii lazima niangalie tena kama lile jumba litakuwa wazi tarehe zetu, nisije nikampeleka mlangoni tu.

Alafu mdogo wangu. Tangu juzi hapokei simu. Nilimtumia picha ya mtoto wa wifi, tiki za bluu, hajajibu, na yeye hawezi kuacha kujibu picha ya mtoto, mnamjua. Leo saa mbili usiku kanitumia voisi ya sekunde nne, kabla sijaifungua akaifuta. Nimempigia mara tatu, inaita mpaka inakata.