Kadi nzima, sloti mbovu: nilivyopima bakipleni ya reki ya PLC

Kwenye reki ya PLC, yaani kompyuta ya kuendeshea mashine za kiwandani, kadi ya kutoa ishara kwenye sloti ya 8 ilikuwa ikipotea kwenye basi (njia za pamoja ambazo kadi huwasiliana kwazo) sekunde mbili tatu, kisha inarudi yenyewe. Reki ni ya sloti 10, kuanzia 0 hadi 9, pawasaplai iko kushoto, nyuma kuna bakipleni, yaani bodi inayounganisha kadi zote, na kila sloti ina konekta ya DIN 41612 yenye pini 96: safu tatu, pini 32 kila safu. Kadi ilishabadilishwa mara mbili bila nafuu. Nilianza kwa kubadilishana: ya 8 ikaenda 6, ya 6 ikaja 8. Zilikuwa za aina moja. Zingekuwa tofauti, programu ingezikataa. Hitilafu ikabaki pale pale kwenye 8.

Kabla ya kushika bisibisi nikajumlisha mzigo wa 5 V. CPU 1.2 A, kadi ya mtandao 0.7 A, kadi nne za kuingiza 0.1 A kila moja, nne za kutoa 0.25 A kila moja. Jumla 3.3 A, na pawasaplai ni ya 10 A. Hesabu hii haichukui dakika tano, lakini wengi huiruka wakakimbilia kuagiza pawasaplai kubwa zaidi.

Bakipleni nyingi hazina akili yoyote ndani yake. Ni njia za shaba, konekta, kapasita chache, na kwenye mabasi mengine resista za kufungia ncha zote mbili. Kwa hiyo ikisumbua, mara nyingi tatizo liko mahali chuma kinapogusana na chuma, na pale ohmu za multimita hazikusaidii: reki ikiwa imezimwa, mguso mbovu unaweza kuonyesha sifuri safi kabisa. Unapima volti zinazopotea, mzigo ukiwa unapita.

Nilichomelea nyaya mbili nyembamba kwenye miguu ya kapasita ya kwanza ndani ya kadi, ile iliyo karibu na konekta, nikazipitisha pembeni na kuirudisha kadi mahali pake. Nyuma ya bakipleni pini zimechomoza, kwa hiyo ncha ya multimita inazifikia. Volti zilikuwa hivi: kwenye pawasaplai 5.09, nyuma ya sloti ya 8 5.05, ndani ya kadi 4.66. Milivolti 40 kupotea kwenye shaba si neno. Milivolti 390 kupotea kwenye konekta moja ni neno kubwa, maana saketi za TTL za kawaida, aina ya chipu za kidijitali za 5 V, hudai angalau 4.75 V.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: wanaangalia upande wa chanya tu. Niliweka ncha moja kwenye pini ya +5 V nyuma, nyingine kwenye waya wa chanya ndani ya kadi: milivolti 60. Nikarudia kwa 0 V: milivolti 330. Ugonjwa ulikuwa kwenye 0 V, njia ambayo mkondo hurudi nayo kwenye pawasaplai. Kwa mkondo wa 0.25 A, hiyo ni ohmu 1.32, wakati mguso mzima wa konekta hii hauzidi miliohmu 20 hivi. Na 0 V ikipanda ndani ya kadi, si umeme tu unaopungua. TTL inaruhusu ishara ya chini itoke na 0.4 V na isomwe hadi 0.8 V, yaani nafasi ya kuvumilia kelele ni 0.4 V tu. Milivolti 330 zilishaimaliza karibu yote. Ndiyo maana kadi ilipotea pale mashine jirani zilipowaka, si muda wote.

Nikazima, nikasubiri kapasita zitoe chaji, nikavaa kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli yenye resista ya megaohmu 1, nikapiga picha jampa zote (viunganishi vidogo vya kuchagua mipangilio) kabla ya kuchomoa. Kwa lenzi ya kukuza mara 10, pini mbili za 0 V zilikuwa na unga mweusi mahali pa mguso. Huo si uchafu wa hewani. Ni chuma kilichosagana kwa mtikisiko mdogo mdogo, na chanzo kilikuwa wazi: skrubu ya juu ya kadi ilikuwa imelegea.

Nilisafisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ufutio wa penseli sitaki kuuona karibu na konekta: dhahabu ya pini mara nyingi haifiki mikroni 1, ukiifuta unabaki na nikeli. Baada ya kusafisha, upotevu wa 0 V ulishuka hadi milivolti 40, lakini nilipogonga fremu kwa mpini wa bisibisi uliruka hadi 150. Springi za soketi zilikuwa zimechoka, spiriti haizirudishi.

Basi konekta ikatolewa. Hii ilikuwa ya kulehemu. Za kushindilia, zinazosukumwa kwenye matundu bila lehemu, zina taratibu nyingine kabisa. Nilikata plastiki kwanza, nikatoa pini moja moja. Pini za 0 V zimeshikana na bamba la shaba ndani ya bodi, nalo hunyonya joto lote la pasi ya kulehemu, kwa hiyo bodi ilipashwa moto kwa chini hadi nyuzi 100 hivi. Ukivuta pini lehemu haijayeyuka kikamilifu, unang'oa na bomba la shaba ndani ya tundu, na hapo bodi ya tabaka nyingi ndiyo basi tena.

Konekta mpya, skrubu zote zikakazwa, upotevu wa 0 V kwenye sloti ya 8 ukasoma milivolti 6 na haukutikisika kwa kugongwa. Nyaya za kupimia nikaziacha saa 48, multimita ikiwa kwenye hali ya kushika kiwango cha chini kabisa. Ilishika 5.01 V.