Nimeiacha intanshipu, korosho za mama zimeanza kudondoka

Juzi saa 4 asubuhi nilimpigia dada msimamizi wa ghala. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, lakini alipopokea nikasema shikamoo dada, nikakwama. Akasubiri. Ndipo nikamwambia siji.

Wanaonifahamu wanajua nilivyoihangaikia ile nafasi ya kujifunza kupima ubora wa korosho ghalani tangu nimalize diploma ya kilimo. Oktoba hadi Januari, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 1 asubuhi mpaka gari la mwisho lishushwe mzigo. Malipo ni posho ya nauli na chakula.

Siku ya usaili walituweka mezani tufanye kazi yenyewe. Kilo moja ya korosho ghafi; tukazihesabu, zikawa 193. Kisha kuzipasua moja moja katikati na kuchokonoa kiini. Kilichojaa, cheupe, huku. Chenye madoa au kilichosinyaa, huku. Kilichooza, pembeni kabisa. Kiini kizuri kinaingia kwa uzito wake wote, chenye kasoro kwa nusu, na hapo unajua gunia la kilo 80 litatoa ratili (paundi) ngapi za korosho safi. Mafuta ya ganda yalinibabua kidole gumba, ngozi ikabambuka. Nilifurahi jamani! Nimeokota korosho tangu utotoni, na siku ile ndiyo kwanza nikaelewa kwa nini mzigo wa huyu unasifiwa na wa yule unashushwa daraja.

Kazi nyingine, ndiyo niliyoichagua, ni steshenari ya mama mdogo, Chikongola, Mtwara mjini. Kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia wanafunzi fomu mtandaoni. Mchana tu, siku nne kwa wiki, nikipata dharura namtumia ujumbe. Ananilipa kila jioni. Kipya cha kujifunza pale sioni, na yeye mwenyewe nimemwambia.

Ila mama yuko kijijini Nanguruwe na mikorosho yake 60, na mgongo unamsumbua tangu masika. Baba alishatangulia, mdogo wangu yuko bweni. Korosho ikishadondoka haimngoji mtu: uitenge na bibo, lile tunda lake, uianike, uichambue. Ikilala chini mvua ikaikuta, inanyonya unyevu na kiini kinaharibika. Msimu uliopita aliweka vibarua, wakaokota za kwenye uwazi, za vichakani wakaziacha zikaoza.

Mama hakunizuia. Alisema, "Nenda mwanangu, mimi nitaokota taratibu." Hiyo taratibu nimelala nayo usiku kucha. Steshenari inaniachia asubuhi nzima shambani, kisha napanda Hiace kwenda mjini. Ghala lisingeniachia hata saa moja.

Nimeumia, sifichi. Dada msimamizi hakukasirika. Aliuliza mama ana mikorosho mingapi, akaniambia nikitaka kuendelea kujipima nyumbani nipasue zilizokauka vizuri, tena za kila upande wa shamba kivyake.

Jana jioni nikafanya hivyo. Nilichukua kilo ya za nyuma ya nyumba na kilo ya za kule kwenye kichuguu, zote zimepigwa jua siku tatu. Nikafunga kitambaa mkononi, nikapasua kwa kisu na nyundo. Za kichuguuni madoa yalizidi. Mama alivuta kigoda akaviinamia viini, akavigeuzageuza.

"Kumbe hizi ndizo zinazotuharibia mzigo?"

Leo tumeanika kwenye maturubai mawili.