Ile A kwenye bango langu

Ukipita Majengo asubuhi, jua likilipiga bango la duka langu, utaona herufi mbili zimekaa mahali pamoja. E nyekundu iko juu, na A ya zamani inachungulia chini yake kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia akasahau miguu.

Kosa ni langu. Fundi wa mabango alinipa kipande cha boksi niandike ninachotaka, nikamwandikia kwa maka nyeusi: PHOTOCOPY, PRINTING & STATIONARY. Akanakili herufi kwa herufi, mkono umetulia, akatia na kivuli cha buluu. Miezi minne nikawa najionea fahari.

Mpaka siku moja mwalimu mmoja mstaafu akaja kutoa kopi ya karatasi zake za pensheni. Badala ya kuingia akasimama nje, mikono nyuma, kichwa juu.

"Mwanangu, duka limesimama?"

"Liko wazi, mwalimu, karibu."

"Hapa nasoma limesimama."

Kumbe yenye A ni kitu kilichotulia tuli, kama lori lililokwama kwenye foleni ya Kibarani. Yenye E, "stationery", ndiyo madaftari na kalamu zangu. Kwa sikio hazitengani hata kidogo. Lawama ni za hawa wenye lugha wanaoandika hivi na kusema vile.

Waingereza wana ujanja wao wa kukumbuka: kwao bahasha ni "envelope", inaanza na E. Nami nikajaribu kwa vitu vya rafuni kwangu. Bahasha: A tupu. Karatasi, A tatu. Kalamu, daftari, hata rula, A tu! Ni penseli peke yake iliyoniokoa, ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Lakini kilichonikuna zaidi ni kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yametoka kwenye Kilatini "statio", mahali pa kusimama, ukoo uleule wa stesheni yetu ya treni. Ulaya ya zamani wachuuzi wengi walitembeza bidhaa zao mitaani. Muuza vitabu aliyekuwa na kibanda cha kudumu, mara nyingi karibu na chuo kikuu, akaitwa "stationarius", yaani mwenye kituo. Wa London walikuwa na chama chao tangu 1403, wakapewa hati ya kifalme 1557. Kwa hiyo duka la kalamu lilipata jina kwa sababu lilisimama! Nilimngoja mwalimu kwa hamu nimpige na hoja hiyo. Akasikiliza mpaka mwisho, akakunja kopi zake.

"Hoja nzuri. Herufi bado mbaya."

Fundi alinitoza shilingi mia tatu kwa herufi moja, akapaka mkono mmoja tu wa rangi. Masika yakaja yakamaliza kazi, A ikarudi kuchungulia. Juzi nimemwita arudie. Kapanda ngazi, kafungua kopo, kachovya brashi, halafu akageuka kunitazama.

"Dadangu, ni E kweli? Maana yule wa Tononoka wiki jana nimemtilia A."