Siku Moja Dunga, Kazini na Wageni wa Ziwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimefika ufuoni Dunga, Ziwa Victoria, kilomita chache tu kutoka katikati ya Kisumu, na tayari wavuvi wamenitangulia. Wanarudi na mbuta na ngege, akina mama wameingia majini hadi magotini kuwapokea, na bei zinapigwa kwa Kijaluo cha haraka. Mimi simo katika biashara hiyo. Mimi ni mwongoza watalii, yule mwenye kofia na darubini shingoni, ambaye majirani kule Nyalenda husema analipwa kwa kupunga upepo.

Saa kumi na mbili na nusu nawapeleka wageni wawili kwenye daraja la mbao linaloingia ndani ya mafunjo. Wanamtafuta ndege mmoja, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa rangi ya dhahabu. Huyo haishi popote ila kwenye mafunjo, na mafunjo yakifyekwa naye hana pa kwenda. Tunamsikia kwanza, kisha anatokea kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Watu wa ndege ndio wageni wazuri. Wananyamaza, wanalipa, wanaenda.

Saa mbili hadi saa tatu ni wanafunzi. Hujambo, usiegemee hapo, ndiyo ziwa hili ni kubwa kuliko yote Afrika, hapana sehemu ya Kenya si nusu, ni kama asilimia 6 tu, haya turudi kwenye basi.

Sasa nifike kwa bwana wa Mombasa.

Alikuwa ameagiza boti ya saa tatu asubuhi, yeye, mkewe, watoto wawili na mama yake mzazi. Saa tatu ikapita. Nikapiga simu, akasema wako njiani. Njiani yenyewe ilipitia Makumbusho ya Kisumu, wakatazama boma la Kijaluo, kisha hifadhi ya wanyama ya Impala, ambako watoto walikataa kuondoka kwenye kizimba cha simba. Simlaumu kwa hilo, ni mahali pazuri. Ila walifika kwangu saa nane kasoro, na saa nane kasoro si saa tatu.

Watu wengi hawajui hili kuhusu kazi yetu: asubuhi ziwa ni letu, alasiri ni la upepo. Jua likishapasha nchi kavu joto, upepo wa magharibi unavuma kuingia Ghuba ya Winam, na kwa kuwa ghuba hii ina kina kifupi, mawimbi yake ni mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Upepo huohuo husukuma gugumaji kutoka mbali na kulirundika huku kwetu, na likinasa propela hapo katikati, utajuta. Nahodha wangu alitazama maji, akanitazama mimi, akaketi.

Nikamwambia, "Bwana, tusubiri hadi saa kumi na moja, upepo utulie."

"Ndugu yangu, mimi nimezaliwa Mji wa Kale. Bahari naijua. Hili ni bwawa."

Nikamweleza. Akanieleza. Akasema kwao maji yana saa zake, yanajaa na kupwa, mtu anapanga safari yake akijua, huku kwetu hakuna utaratibu. Nikasema utaratibu upo, ndio huo wa asubuhi alioukosa. Akauliza bei. Nikataja ileile tuliyokubaliana kwa simu. Akasema hiyo ni bei ya mzungu. Mkewe akawa anaangalia vikapu vya mafunjo kana kwamba hamjui huyu mwanamume. Mtoto mkubwa akavua viatu aogelee, nikamzuia: hapa kuna kichocho, na kuna viboko. "Kwetu Mama Ngina Drive tunaogelea," akasema mtoto. Ukoo mzima wa wanasheria.

Aliyetuokoa ni bi mkubwa. Alivuta kiti cha plastiki chini ya mti, akakunja buibui lake vizuri, akasema, "Mimi siendi kufa kwa ajili ya kiboko. Nipeni samaki."

Basi tukasubiri, na kusubiri huko ndiko kulikonichosha kuliko kupiga kasia. Samaki akaja, ngege wa kukaanga na ugali, na bwana akauliza nazi iko wapi. Akasimulia Fort Jesus, ilivyoanza kujengwa 1593, akaniuliza sisi tuna nini cha zamani. Nikamtajia reli iliyofika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Akacheka: "Reli ilianzia kwetu!" Ni kweli, ilianzia kwao. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Bi mkubwa ndiye aliyeuliza ya maana: hawa wavuvi wakitoka usiku wanaonaje upepo, na akina mama wanaogharamia nyavu wanalipwa nini boti ikirudi tupu. Nilimjibu kwa nusu saa, na hiyo ndiyo nusu saa niliyoifurahia.

Jioni, saa sijaangalia tena, maji yakalainika. Laifu jaketi kwa wote. Bwana akagoma, bi mkubwa akavaa yake juu ya buibui na kumkazia macho, bwana akavaa. Tukaelekea upande wa Hippo Point, nahodha akapunguza injini mbali na mafunjo. Masikio mawili yakatokea, yakatikisika, yakazama.

"Ni huyo tu?"

Ni huyo tu. Mchana viboko hukaa majini, usiku ndio hutoka kula majani. Akataka tusogee. Hatukusogea. Kiboko mwenye mtoto akikasirika hupindua boti hii, na mimi na nahodha ndio tutakaoulizwa. Akatuita waoga kwa lugha tamu ya pwani, ile ambayo hadi ufike nyumbani ndipo unagundua umetukanwa.

Tuliporudi akalipa sehemu, nyingine akasema atatuma kwa M-Pesa. Mafuta kwanza, kisha mwenye boti, kisha nahodha, kisha mchango wa kikundi, nami nikapata kilichobaki, yaani hiyo M-Pesa isiyofika.

Niko kitandani simu ikalia. Yeye. Pesa ametuma, na kesho wanataka kuona nini? Nikamwambia kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, lakini ni mbali, boti inang'oa nanga saa moja asubuhi.

"Basi tuseme saa nne," akasema.

Nikamwomba anipe mama yake.